Mdokozi Hutafuta Nafasi: Jinsi ya Kulinda Gari, Trela na Nyumba



Somo letu la mwezi huu si habari ya mbegu wala mbolea. Ni habari ya mali ambayo umekwisha kuipata kwa jasho lako, na jinsi ya kuizuia isitoke shambani usiku bila wewe kujua. Mkulima akiibiwa trela wakati wa kuvuna, hasara yake si bei ya trela peke yake. Mahindi yamekwisha kukatwa na kusimamishwa shambani, mvua yaweza kunyesha wakati wowote, na kila trela ya jirani ina kazi. Mpaka apate ya kukodi, mengine yamekwisha kuota ukungu, na mahindi ya namna hiyo hayapati mnunuzi mwema, tena yaweza kuwa na sumu ya kumdhuru mtu na mnyama. Na mkopo wa mbegu na mbolea haungoji.

Yafaa kwanza tuwatenganishe wezi, maana si wote wa namna moja. Wako wale wanaokuja kwa kundi, wenye silaha na gari lao, ambao wamekwisha kupanga kazi yao tangu juma lililopita. Hao ni kazi ya polisi, na mkulima mwenye akili hatoki nje usiku kupigana nao. Hatutawasema leo. Tunayemsema ni yule ambaye hakupanga lolote. Alikuwa akipita njiani, akaona spana juu ya trekta, au lango liko wazi, au gari languruma peke yake bila dereva. Huyo ndiye mdokozi. Hakuja kwako kwa sababu wewe ni tajiri, bali kwa sababu umemrahisishia kazi.

Mdokozi hujiuliza maswali matatu kwa muda mfupi kuliko wa kuwasha sigara. Je, hapa pana kitu cha kuuzika? Je, naweza kukichukua upesi na bila kelele? Je, yuko mtu atakayekinunua bila kuuliza? Akipata jibu la ndiyo mara tatu, kitu hicho si chako tena. Lakini akipata la hapana hata katika swali moja tu, mara nyingi hupita aende zake. Basi kazi yako si kujenga ngome. Kazi yako ni kumharibia moja katika majibu yake, na ukiweza mawili ni bora zaidi.

Wakulima wengine husema, "Kufuli ya nini? Mwizi akitaka ataivunja." Ni kweli kwamba hakuna kufuli isiyovunjika. Lakini kufuli haikutengenezwa kumzuia mtu milele, ila kumchelewesha na kumlazimisha apige kelele. Mtu wa kukata mnyororo kwa msumeno usiku wa manane, mbwa wakibweka, huyo si mdokozi tena. Mdokozi atakuwa amekwenda kutafuta trela isiyofungwa.

SIMAMA BARABARANI

Kabla ya kununua chochote, fanya jaribio hili ambalo halina gharama. Siku moja kama saa kumi na moja za jioni, toka shambani kwako ukasimame barabarani, pale anapopita mtu wa kwenda dukani au kijana anayepeleka maziwa. Tazama ndani kama mgeni. Unaona nini?

Huenda utaona trela imesimama karibu na lango, mkono wake umeelekea njiani kana kwamba yangoja mtu aje aivute. Utaona mtungi wa dizeli karibu na mlango wa stoo. Utaona pampu ya maji mtoni, ambayo hukuirudisha kwa sababu kesho utaitumia tena. Utaona ngazi imeegemezwa ukutani, na ngazi hiyo yafika barabara kwenye dirisha la juu au kwenye paa. Jembe na mtaimbo vimelala nje, nawe hukufikiri kwamba mtaimbo wako mwenyewe ndio ufunguo bora wa mlango wako. Wadokozi wengi hawachukui vyombo vya kuvunjia, maana mtu akikutwa usiku na mtaimbo ataulizwa. Huvikuta palepale.

Vitu vyote ulivyoviona, yeye naye ameviona. Viondoe machoni. Pampu irudi nyumbani kila jioni, hata kama ni nzito, kwa maana pampu ni kitu kinachouzika upesi. Ngazi ilazwe na kufungwa kwa mnyororo, au iingie ndani. Vyombo vya mkono viwe na mahali pake katika stoo, kila kimoja na msumari wake ukutani, ili ukitazama jioni ujue mara moja kilichokosekana. Mkulima asiyejua ana spana ngapi hawezi kujua kwamba ameibiwa mpaka siku ya kuitaka.

Na ua je? Wengi hupenda ua wa kayaba mrefu na mnene, wakidhani ni ulinzi. Kayaba ni ua mzuri kweli, miiba yake haina mchezo. Lakini upande wa barabara na upande wa jirani uupunguze ufike kifuani tu. Ua mrefu kuliko mtu humficha mwizi akiwa ndani kuliko unavyomzuia kuingia. Pande za nyuma, ambako hakuna jirani wa kuona, hapo uache urefuke.

KWA NINI MASHAMBA YA SKIMU

Mashamba ya skimu yana shida ya peke yake. Ile Skimu ya Eka Milioni Moja ilipoanza mwaka 1962, na nyingine zilizofuata, ardhi ilikatwa vipande, na kila jamaa ikajenga juu ya ploti yake. Hatukujenga pamoja kama kijiji. Nyumba na nyumba zimeachana, na katikati ni mahindi yaliyo marefu kuliko mtu. Tena tulitoka sehemu mbalimbali, hata leo wako majirani wasiojua jamaa za wenzao. Mgeni akipita na jembe la trekta begani kwa mtu mwingine, tunadhani ni mpwa wake aliyekuja kumsaidia.

Kwa hiyo yafaa majirani watatu au wanne wapatane. Mpango wa Nyumba Kumi, uliotangazwa na Serikali mwaka 2013, ndio jina la jambo hili, lakini usingoje mkutano mkubwa uitwe. Pata namba za simu za majirani wanaoliona boma lako. Waambie ni nani wana ruhusa kuchukua trela yako, na useme wazi: "Ukiona mtu mwingine ameifunga nyuma ya trekta, hata akiwa na adabu namna gani, nipigie simu kwanza." Kumwuliza mgeni jina lake na anakokwenda si ubaya wala si ufidhuli. Umsalimie, umwulize kama ana haja ya kuonyeshwa njia. Mtu mwema atashukuru. Mdokozi atajua kwamba uso wake umekwisha kuonekana.

Lakini msimhukumu mtu kwa kabila lake au kwa nguo zake zilizochakaa. Mara nyingi anayejua mahali unapoficha ufunguo si mgeni, ni mtu aliyewahi kula kwako.

TRELA

Twataka kukaa kidogo katika jambo la trela, kwa sababu ndiyo iliyo rahisi kuibwa kuliko vyote. Haina injini wala mlango. Haina ufunguo. Mtu mwenye trekta au pikapu huja nayo kinyumenyume, atia pini, na kwenda zake. Wanaomwona njiani humdhania mkulima wa kawaida.

Jambo la kwanza ni namna ya kuiegesha. Usiiache mkono umeelekea njiani. Iingize ili mkono uelekee ukuta, au mti mkubwa, au pembe ya stoo, karibu kabisa, hata trekta isipate nafasi ya kusimama mbele yake. Ukiwa na trekta, egesha trekta mbele ya trela, si trela mbele ya trekta. Wengi hufanya kinyume kwa sababu asubuhi wataka kutoka upesi na trekta peke yake. Ni taabu kidogo ya dakika tano, lakini inafaa.

La pili, toa pini uingie nayo nyumbani. Haitoshi, maana mwizi aweza kuja na pini yake au kipande cha nondo. Kwa hiyo katika lile tundu la mkono wa trela, tia bolti nene au kufuli kubwa inayojaza tundu lote, ili pini nyingine isiingie.

La tatu ni mnyororo. Pitisha mnyororo katika matundu ya gurudumu na kuuzungusha kwenye chuma cha ekseli, ili gurudumu lisizunguke. Mnyororo uliofungwa mkononi tu hauna nguvu hiyo. Ukiweza, chimba shimo la futi tatu, simamisha ndani yake bomba nene au kipande cha reli ya chuma, umwage zege, nawe utakuwa na mahali pa kufungia mwaka hata mwaka. Mnyororo usiwe mrefu mno. Ukilala chini pamoja na kufuli yake, mwizi aweza kuilaza kufuli juu ya jiwe na kuipiga nyundo. Ufupishe mpaka kufuli ibaki inaning'inia hewani, karibu na chuma, mahali ambapo nyundo haina pa kuegemea.

Na kufuli yenyewe? Zile ndogo za bei rahisi zinazong'aa hufunguka kwa pigo moja la jiwe, tena nyingi huwa na funguo zinazofanana. Ununue moja nzuri kuliko tatu mbaya. Tafuta ile ambayo upinde wake ni mnene, wa chuma kigumu, na mwili wa kufuli umeufunika upinde huo hata pabaki nafasi ndogo tu ya kupitisha mnyororo. Itie mafuta kidogo kila mwezi, maana kufuli iliyoshika kutu humchosha mwenyewe, naye siku moja huiacha wazi.

Trela isiyotumika mpaka msimu ujao, kama ya magunia ya viazi kule Kinangop baada ya mavuno, iondolewe magurudumu na kusimamishwa juu ya magogo au mawe imara. Magurudumu yawekwe ndani. Kazi hiyo yalinda hata mipira, ambayo huharibika ikikaa na uzito mahali pamoja miezi mingi.

TREKTA NA GARI

Watu wengi wana imani kubwa katika ufunguo wa trekta. Yafaa wajue kwamba trekta nyingi, hasa za zamani, zilitengenezwa na funguo za namna moja. Ufunguo wa trekta ya jirani yako, kama ni ya kampuni ile ile, huenda wawasha yako pia. Basi usiutegemee peke yake. Mwambie fundi wa umeme akutilie swichi ya kukata umeme wa betri, mahali pasipoonekana upesi. Kama huna swichi, fungua waya mmoja wa betri kila jioni. Sanduku la betri nalo lifungwe kwa kufuli au kwa chuma kilichopita juu yake, maana betri ndicho kitu cha kwanza kuondoka. Hubebeka na mtu mmoja, na hununuliwa kila mahali.

Lakini trekta ya dizeli ya namna ya zamani yaweza kuwaka bila betri ikiteremshwa mlimani. Wenye mashamba ya miteremko wanajua, kwani wengi wao huiwasha hivyo kila asubuhi na huiegesha juu ya kilima kwa ajili hiyo. Iegeshe mahali pa sawasawa, au mbele yake ikitazama ukuta, uteremshe plau au haro mpaka ikae ardhini. Hilo la kuteremsha ni lazima hata kama hakuna mwizi duniani, maana chombo kilichoinuliwa chaweza kumwangukia mtoto.

Kuhusu dizeli, mafundi hukushauri ujaze tangi jioni ili maji yasijikusanye ndani kwa baridi ya usiku. Shauri hilo ni jema. Lakini tangi lililojaa, lisilo na kufuli, katika trekta iliyolala nje, ni kisima cha mtu mwenye kipande cha mpira. Trekta ikilala ndani, jaza. Ikilala nje, nunua kifuniko cha kufuli kwanza.

Gari na pikapu huibwa mara nyingi kwa njia ambayo mwenyewe angeizuia bila kutumia hata senti. Afika langoni, ashuka kufungua, gari languruma. Au asimama kwenye kituo cha maziwa, ateremsha mikebe, ufunguo uko ndani kwa kuwa "nitachelewa dakika moja tu". Dakika moja inatosha kwa mtu aliye karibu na mlango. Zima, toa ufunguo, utie mfukoni. Fanya hivyo kila mara, hata mvua ikinyesha, hata mke wako akiwa ndani ya gari. Na kama mtoto amelala kiti cha nyuma, ndiyo sababu kubwa zaidi.

Usiache mfuko, koti, simu wala karatasi juu ya kiti. Mdokozi hajui kwamba mfuko huo una misumari tu. Atavunja kioo apate kuhakikisha, nawe utalipa kioo. Gurudumu la akiba linaloning'inia chini ya pikapu lipitishiwe mnyororo. Pikipiki ifungwe usukani, mnyororo upite katika gurudumu la nyuma na kushika kitu kisichohama, na usiku ilale ndani ya nyumba au stoo.

NYUMBA NA STOO

Mlango wa stoo huwa na kufuli kubwa, na kufuli hiyo imeshikwa na chuma kilichotiwa skrubu nne fupi. Mwizi haigusi kufuli. Afungua skrubu kwa kisu. Toa skrubu hizo, utoboe mbao mpaka upande wa pili, utie bolti zenye vichwa vya mviringo upande wa nje, na nati zikazwe upande wa ndani. Halafu gonga ncha ya bolti kwa nyundo ili nati isirudi. Tazama bawaba pia. Mlango unaofunguka kwa nje huonyesha bawaba zake nje, na pini ya bawaba hutolewa kwa msumari mmoja. Fundi aweza kuichomelea.

Lango la chuma lina ujanja wake. Malango mengi yamekaa juu ya pini mbili zinazotazama juu, na watu wawili huliinua lango zima likatoka, na kufuli yake ikiwa imefungwa vizuri kabisa. Mwambie fundi aigeuze pini ya juu itazame chini. Kuanzia hapo lango haliinuki.

Paa la mabati hufunguliwa kwa kung'oa misumari pembeni. Tumia misumari mirefu iliyosokotwa, na ncha inayotokea chini ya mbao uikunje. Madirisha yatiwe vyuma vilivyoingia ndani ya ukuta wenyewe, si vilivyopigiliwa juu ya mbao, lakini katika chumba cha kulala dirisha moja liwe na vyuma vya kufunguka kutoka ndani, kwa sababu moto nao ni mwizi. Ufunguo wake uwe mahali ambapo kila mtu wa nyumba anapajua gizani.

Bwana Shamba amekwisha kukuambia upange magunia juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta, ili hewa ipite. Sababu ya pili ni hii: mtu aliyetoboa ukuta wa udongo na kutia mkono hatalifikia gunia. Yuko pia anayelitoboa gunia kwa bomba kutoka nje na kuyakinga mahindi kidogo kidogo, nawe huoni mpaka gunia lilegee.

Taa ya jua inayojiwasha mtu akipita ni kitu chema sana, na bei yake si kubwa kama zamani. Iweke juu, asipoweza kuifikia kwa mkono, vinginevyo itakuwa ndiyo ya kwanza kuibwa. Mbwa naye azoezwe kula katika chombo chake tu, kutoka kwa watu wa nyumbani. Bata bukini na kanga pia hupiga kelele usiku mgeni akija, tena watu hawafikirii kuwatilia sumu. Ufunguo usiwe chini ya jiwe, wala chini ya chungu cha maua, wala juu ya fremu ya mlango. Mahali hapo pote mdokozi alipajua kabla yako.

Fikiri na siku. Jumapili wakati wa ibada, siku ya soko, siku ya mazishi ambapo ujumbe wote wa kuondoka umetangazwa, na usiku wa mvua kubwa ambapo mabati yanapiga kelele hata husikii mbwa: hizo ndizo siku za mdokozi. Kwenye mazishi majirani waachiane zamu, mmoja abaki. Malipo ya maziwa au ya mahindi yakija, hakuna haja ya kuyasema kwa sauti dukani.

ALAMA NA WANUNUZI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua daftari moja, uandike namba ya injini na ya chasisi ya trekta na gari, namba za pampu, betri, redio na mashine nyingine. Trela ina namba yake yenyewe ya usajili, ianzayo na herufi Z, na kama yako haina, tafuta kuisajili, maana trela isiyo na namba ni ya kila mtu. Halafu kwa tindo au stempu za chuma, piga herufi za jina lako na namba ya ploti mahali pawili: pamoja panapoonekana wazi, na pengine pa siri unapopajua wewe na mkeo tu. Alama ya wazi humfukuza mnunuzi. Ya siri ndiyo utakayomwonyesha polisi ikiwa ile ya wazi imesuguliwa. Piga picha ya kila kitu kwa simu, umtumie mtoto wako aliye mjini, kwa sababu hata simu huibwa.

Jambo la wanunuzi ni zito, nasi twaomba ulisome mara mbili. Kwa Kanuni ya Adhabu ya Kenya, wizi wa kawaida adhabu yake yaweza kufika miaka 3 jela, na wizi wa gari miaka 7. Kuvunja na kuingia nyumba ya mtu ili kutenda kosa kubwa ni miaka 7 mchana, na usiku miaka 10. Usiku wa sheria huanza saa kumi na mbili u nusu za jioni mpaka saa kumi na mbili u nusu za asubuhi. Lakini mtu anayepokea kitu cha wizi, naye anajua au ana sababu ya kuamini kwamba ni cha wizi, adhabu yake yaweza kufika miaka 14. Waona basi mpokeaji aweza kufungwa miaka mingi kuliko aliyeiba. Bila yeye mdokozi angebeba betri kwenda wapi?

Kwa hiyo ukiuziwa plau kwa robo ya bei, saa mbili za usiku, na mtu asiye na risiti, usijisifu kwamba umepata bahati. Kwa gari au trela taka logibuku, na namba yake itafutwe katika rekodi za NTSA kabla fedha hazijatoka. Kwa vitu vidogo taka risiti, jina na namba ya kitambulisho, na shahidi mmoja. Wafanyaji biashara ya vyuma vikuukuu nao hawana budi kuwa na leseni kwa Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015. Serikali ilifika hata kuisimamisha biashara hiyo nchini kote Januari 2022 kwa ajili ya uharibifu wa nyaya na vyuma vya umma, ikairuhusu tena Mei mwaka huo.

UKIIBIWA

Ukiamka ukute kitu hakipo, usikanyagekanyage mahali pale. Alama za miguu na za magurudumu zifunike kwa karai au beseni mvua isizifute. Piga simu 999 au 112, mwarifu naibu wa chifu na majirani, kisha nenda kituo cha polisi na daftari lako. Habari iandikwe katika kitabu cha OB, nawe upewe namba yake. Kuandikisha hakulipiwi. Bila namba hiyo hata kampuni ya bima haitakusikiliza. Siku ile ile watumie picha mafundi wa jua kali na wenye maduka ya vyuma katika masoko ya karibu, kwa sababu mdokozi hapendi kukaa na kitu. Hukiuza upesi, na mara nyingi si mbali.

Usitege waya wa umeme wala mtego wa kuumiza katika boma. Atakayenaswa kwanza ni mtoto au mfanyakazi wako. Na mwizi akishikwa, asipigwe. Sheria yamruhusu raia kumkamata mtu anayemwona akitenda kosa la namna hii, lakini yamtaka amkabidhi kwa polisi bila kukawia. Kumpiga mtu mpaka afe ni kuua, awe ameiba trela au kuku, na wako waliotoka shambani kukimbilia kelele wakaishia kizimbani kwa ajili ya mtu ambaye hata hakuwa mwizi. Mfunge mikono, mketishe, asimame mzee wa kumlinda na watu wenye hasira, mpaka askari wafike.

Mali ikipatikana, itashikwa kama ushahidi wa kesi, na kesi yaweza kuwa ndefu kuliko msimu mmoja. Mwombe afisa wa polisi au mwendesha mashtaka akueleze namna ya kuomba mahakama irudishe kitu baada ya kupigwa picha, hasa ikiwa ni trela au trekta ya kazi. Utaulizwa uthibitisho kwamba ni chako, yaani risiti, logibuku, na ile alama ya siri. Basi karatasi hizo usiziweke ndani ya gari.